Majivu Chini ya Myombo

Kiwavi huyu naye alikuwa amekufa. Masolwa alimgusa kwa ncha ya unyoya wa kuku, akangoja, akamgusa tena, kama mtu anayemwamsha mgonjwa huku akijua fika kwamba haamki. Mgongo uliokuwa wa kijani kibichi jana yake ulikuwa umeota ukungu mweupe. Akamkung'uta taratibu kiganjani, akamtoa nje ya chandarua na kumlaza juu ya jiwe la kunolea mapanga, walipolala wenzake. Hakujua kwa nini hakuwatupa tu. Kuku wangewafurahia.

Chandarua hicho kilifunika mche wa myombo uliojiotea nyuma ya jiko, usiozidi kimo cha mtu mzima. Kwa miaka yote mkewe Jenifa alikuwa anaanikia nguo juu yake. Sasa nguo zilianikwa kwenye paa la banda la mbuzi, na Jenifa hakusema lolote juu ya hilo, jambo ambalo kwa Jenifa lilikuwa la kushangaza. Alikuwa ameona jinsi mumewe anavyoamka na kwenda moja kwa moja kwenye ule mti kabla hata ya kunawa uso.

"Mwingine?" aliuliza kutoka jikoni.

Masolwa alishusha chandarua.

Viwavi hao aliletewa na Advera, mtafiti wa vipepeo aliyepanga chumba Isevya, mjini Tabora. Mwanamke huyo alianza kufika kijijini hapo, kati ya Puge na mji, akiwa msichana mwenye wavu wa mkononi, na watoto wakimfuata nyuma wakidhani anatafuta samaki nchi kavu. Alikuwa anauliza habari za Kambini. Kambini palikuwa ni msitu mdogo wa miombo kwenye njia ya zamani ya misafara, mahali ambapo wapagazi walilala usiku wa mwisho kabla ya kuingia Tabora. Waliougua waliachwa hapo, na waliokufa walizikwa hapo. Ndiyo maana hapakukatwa mti. Mpita njia alichuma jani, akalidondosha chini na kuendelea na safari, na hata walevi waliorudi kilabuni wakiwa hawajui jina la mama zao hawakusahau kudondosha jani.

Katika msitu huo Advera alimkuta kipepeo mdogo mwenye mbawa za rangi ya shaba. Alimtafuta misitu mingine yote hadi kuvuka Bukene, msimu baada ya msimu, asimwone. Akarudi kumweleza Masolwa, ambaye ndiye aliyekuwa na mizinga ya nyuki Kambini, kwamba kwa kadiri ya ujuzi wake kipepeo huyo anaishi hapo na hana kwao kwingine duniani. Masolwa alicheka sana siku hiyo. Kwake yeye kipepeo huyo alikuwa ni kile kidudu kinachokuingia machoni unaposhuka mtini na asali mkononi. Lakini tangu hapo akawa anamwangalia. Akapanda na kushuka akimwangalia, na mwisho akawa, bila kumwambia mtu, anampenda.

Kisha tumbaku ikashamiri. Hakuna aliyepauza Kambini, wala hakuna aliyetoa amri pakatwe. Mmoja alihitaji gogo la moto wa bani lake, kibanda cha kukaushia tumbaku, akachukua lililoanguka. Wa pili akaona wa kwanza hakufa wala kupofuka, akakata lililosimama. Baada ya hapo mashoka hayakunyamaza. Masolwa alisimama njiani akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na watu wakampita na mikokoteni yao wakimwamkia kwa heshima zote. Mizinga yake aliikuta imelazwa chini, kwa uangalifu kabisa, kana kwamba nyuki wangeendelea kuishi humo kwa sababu ya adabu hiyo. Nyuki walihama.

Advera alifika akakuta visiki. Alikaa juu ya kimoja akalia bila kujificha, kisha akapangusa uso na kuanza kukagua matawi ya mti ulioangushwa mwisho, ambao majani yake yalikuwa hayajanyauka. Humo akawapata viwavi wa yule kipepeo. Alikata yale matawi, yeye na Masolwa wakayabeba hadi nyumbani kwa mzee na kuyafunga kwenye ule mche wa uani ili viwavi wahamie kwenye majani mabichi. Wakashusha chandarua. Jioni hiyo hiyo simu ikamwita Advera Bukoba: mama yake alikuwa amelazwa, na haikuwa hali ya kusubiri.

"Usiguse kitu, mzee wangu," alimwambia akipanda bodaboda. "Acha kila kitu kilivyo. Waangalie tu."

Masolwa aliapa kuwaangalia, na kwa kweli aliwaangalia. Bodaboda ilikuwa haijapotea machoni alipoinua chandarua na kuona balaa lililokuja na matawi yale: sisimizi weusi, wadogo, wale wanaoinua mikia wanapoguswa, wakitembea juu ya viwavi kama watu wanaokagua mbuzi mnadani. Usimwambie mrina asali habari za sisimizi. Msimu mmoja wa ujana wake waliingia kwenye mizinga yake wakala mana zote, yaani watoto wa nyuki masegani, na hakubaki nyuki hata mmoja wa kumwonyesha njia ya walikokimbilia. Baba yake alimfundisha dawa: majivu mengi kuzunguka shina, na kitambaa kilicholoweshwa oili chafu kifungwe kiunoni mwa mti. Asiyejua hivyo hakupewa mzinga wa kutundika.

Alijua ameambiwa asiguse kitu. Lakini kwake kumtoa sisimizi kwenye kitu unachokilinda hakukuwa kugusa, kulikuwa ni kulinda kwenyewe. Aliwatoa mmoja mmoja kwa kidole na kuwafikicha. Yale matawi makavu, viwavi walipokwisha kuhamia kwenye mche, aliyachoma. Akamwaga majivu yake kuzunguka shina, akafunga kitambaa cha oili, na kila asubuhi akaongeza majivu mapya ya jikoni. Hakulala vizuri tangu siku hizo, lakini hakupita sisimizi hata mmoja, na jambo hilo lilimpa fahari kidogo katika mwaka ambao haukumpa fahari nyingine.

Halafu viwavi wakaanza kufa.

Alitafuta mchawi. Majani yalikuwa mabichi, kivuli kipo, mvua ya mwisho wa masika haikuwapiga kwa sababu aliweka turubai. Basi akainua macho, na ng'ambo ya uzio akaona shamba la tumbaku la Damas, kaka yake Jenifa, na Damas mwenyewe akiwa na bomba la dawa mgongoni. Masolwa hakungoja. Alimkabili shemeji yake kisimani, mbele ya wanawake wenye ndoo, akamwambia kwamba baada ya kumaliza miti ya marehemu sasa anamalizia na viumbe vyao, kwamba ni muuaji, na kwamba dawa yake itamrudia. Damas, mtu mpole mwenye watoto wengi na miguu mibaya, alimsikiliza hadi mwisho. Akachukua ndoo yake akaondoka. Tangu siku hiyo Jenifa alipeleka mboga kwa kaka yake akizunguka njia ya nyuma.

Viwavi waliendelea kufa. Ukungu ulianza mgongoni, karibu na mkia, ukatambaa mbele. Masolwa alijaribu kuwapangusa kwa pamba, wakafa haraka zaidi. Alipiga simu Bukoba; haikupatikana, na ilipopatikana ilikuwa ni Advera akisema kwa sauti ya mtu aliyelia sana kwamba mama amezikwa jana. Hapo utasemaje habari za viwavi? Alimpa pole, akamwombea marehemu, akakata simu na kurudi kwenye chandarua. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu hawezi kuacha na hawezi kuendelea.

Advera alifika siku hiyo hiyo ambayo Masolwa alimwondoa yule kiwavi wa asubuhi. Alikuwa amekonda, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Alimwamkia Jenifa, akampigia magoti Masolwa kidogo, "Shikamoo mzee," na kabla ya kuitikiwa macho yake yalikuwa yameshafika kwenye lile jiwe la kunolea.

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Wote hawa?"

"Amebaki mmoja."

Hakulia safari hii. Aliinua chandarua akaingia kichwa na mabega, akakaa humo muda mrefu. Masolwa alisimama nyuma yake mikono ikimning'inia. Alitamani mtu amtukane. Akaanza kueleza: habari za dawa ya Damas, za moshi wa bani, za pamba, na jinsi alivyoamka kila siku. Akaeleza na kazi aliyoifanya vizuri, ili isionekane alikuwa amelala tu.

"Sisimizi mimi sikuwaruhusu," alisema. "Hakupita hata mmoja."

Mgongo wa Advera ulitulia. Alitoka ndani ya chandarua polepole, akatazama chini, akaona duara la majivu, akaona kitambaa cheusi kinachong'aa kwa oili.

"Wale waliokuja na matawi?"

"Niliwaua."

"Mzee wangu," Advera alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Wale ndio walezi wao. Hawa wakipapaswa wanatoa maji matamu mgongoni. Sisimizi wanakuja kuyanywa, na wakinywa wanawasafisha. Yasiponyonywa yanachacha, yanaota ukungu. Hawawezi kuishi bila wale."

Masolwa alisikia kila neno. Jenifa alikuwa ameweka mwiko chini.

"Sikukuambia," Advera aliendelea. "Nilidhani unawaona wanavyokaa nao."

"Niliwaona. Ndiyo maana niliwaua."

Walisimama hivyo, watu wazima watatu wakizunguka mche mmoja. Masolwa alikuwa akiona mikono yake mwenyewe ikifikicha, kidole na gumba, asubuhi ile ya kwanza, kwa bidii na kwa upendo. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Hakuna mtu aliyemlaumu, na ingekuwa heri wangemlaumu.

Advera ndiye aliyejikaza kwanza. Alisema kiwavi aliyebaki ana doa dogo tu la ukungu. Alisema wakipatikana sisimizi wale wale leo, si wengine, wale wanaochimba nyumba ndani ya miombo ya Kambini, labda. Hakusema labda nini. Kule Kambini hakukuwa na mti. Alipita huko akija, visiki vimechomwa kupisha shamba.

"Magogo yako wapi?" aliuliza.

Jenifa na Masolwa walitazamana. Juu ya uzio, moshi wa bani la Damas ulikuwa unapanda moja kwa moja angani, mnene, wa mtu aliyeanza kukausha na hana nia ya kuacha.

Masolwa alipita njia ya mbele, ile ambayo mkewe alikuwa anaikwepa. Alimkuta Damas ameketi mbele ya tanuri, macho mekundu, akisukuma gogo refu ndani kwa mguu. Kila aliyewahi kukausha tumbaku anajua saa hiyo ilivyo: jani ndiyo linashika rangi, na moto ukishuka kidogo tu linageuka jeusi, na jasho la mwaka mzima linakwenda kutandikiwa mbuzi. Damas alimwona shemeji yake na hakuinuka.

Masolwa alimwamkia, hakuitikiwa. Akaeleza shida yake akiwa amesimama, kwa maneno machache, kwa kuwa mengi yangemsaliti. Anatafuta gogo la Kambini lenye sisimizi.

"Uliniita muuaji mbele ya watu wanaochota maji," Damas alisema.

"Nilikuita."

"Na sasa?"

"Sasa muuaji nimemjua. Ni mimi."

Damas alimtazama kwa muda, kama anayetafuta mzaha ulipojificha. Hakuuona. Akasema magogo yenye sisimizi hayapo, vijana wake waliyatanguliza motoni yote kwa sababu yanawauma wakipakia. Kisha akatazama tanuri, na Masolwa akafuata macho yake.

Lile gogo refu alilokuwa akilisukuma lilikuwa limeingia nusu. Nusu ya ndani ilikuwa kaa jekundu. Kwenye nusu ya nje, kutoka kwenye tundu lililokuwa jeusi kwa moshi, sisimizi walikuwa wanamiminika, wengi, wakiinua mikia, kila mmoja na yai jeupe mdomoni, wakikimbilia ncha ya gogo ambako hakukuwa na pa kwenda.

Masolwa hakuomba tena. Alipiga magoti, akakumbatia ile ncha na kuvuta. Cheche zilimwagika miguuni mwake. Gogo lilikwama, likaachia, likatoka likiburuza makaa, na mdomo wa tanuri ukabaki wazi ukipumua. Damas alipiga ukelele mmoja, wa mtu anayeona msimu wake unatoka nje kwa miguu yake. Alichukua shoka. Masolwa aliliona likiinuliwa na hakusogea. Pengine alifikiri ni haki.

Shoka lilishuka kwenye gogo, kati ya moto na sisimizi. Likashuka tena. Kipande chenye moto kilipokatika Damas alikirudisha tanurini kwa teke, akaongeza kuni kwa mikono yote miwili, haraka, akikohoa.

"Ondoka nalo," alisema bila kugeuka. "Ondoka kabla sijabadili mawazo, shemeji."

Uani chandarua kilikuwa kimeondolewa, na Jenifa alikuwa amezoa majivu yote hadi udongo mwekundu ukaonekana. Kitambaa cha oili kilikuwa kimefunguliwa, na Advera alikuwa anakwangua gome kwa kisu, lakini oili ilikuwa imezama, shina zima linanuka gereji. Waliliweka gogo chini ya mti. Sisimizi walishuka, wakafika kwenye shina, wakasita, wakageuka. Walijaribu upande mwingine, wakageuka tena. Wengine walikuwa wanaanza kutawanyika kwenye uwanja na mayai yao, wakielekea wasikokujua, na kuku walikuwa wanasogea. Advera aliegemeza ufito kutoka kwenye gogo hadi kwenye tawi, uwe daraja lao. Upepo ukalitikisa, ufito ukaanguka, na kiwavi akajikunja kwenye ukingo wa jani.

Masolwa aliinama akaliinua gogo. Alilipakata kifuani kama mtoto mgonjwa, akasogea mpaka ncha yake ikagusa lile tawi jembamba, akakaza miguu.

Sisimizi walimjia. Walipanda mikononi, wakaingia ndani ya shati, wakamzunguka shingo, na kila walipofika waliinua mikia na kuuma. Lile gogo lilikuwa bado na joto la tanuri. Jenifa alitaka kuwapangusa, Advera akamshika mkono.

"Wana hasira," Advera alinong'ona. "Wakimfikia kiwavi hivi, wanaweza hata kumla."

Masolwa hakuweza kufungua mdomo. Walikuwa wamefika midomoni. Mmoja alisimama kwenye ncha ya gogo, akapapasa hewa, akarudi. Wa pili akapapasa, akavuka. Akatembea juu ya tawi, akapotea chini ya jani, akatokea upande wa pili, na nyuma yake akaja mwingine. Kiwavi hakusogea. Sisimizi wa mbele alisimama karibu naye, akaweka vipapasio vyake juu ya ule mgongo wenye doa, akavitoa, akaviweka tena.

"Anafanya nini?" Jenifa aliuliza.

Advera alikuwa amepiga magoti, uso wake karibu kabisa na jani. Masolwa hakuona vizuri, jicho moja lilikuwa limeshavimba na la pili linatiririka machozi. Aliona tu mstari mwembamba mweusi unaotoka kifuani kwake kwenda kwenye jani. Akakaza mikono, akabana pumzi, ili tawi lisitikisike.